Tairi lililodai ringi yake lenyewe

Ukisimama kando ya Barabara ya Nyerere jijini Dar es Salaam ukasoma ubavu wa matairi yaliyokwama kwenye foleni, utakutana na namba zilezile: 195/65 R 15, 205/55 R 16, 215/60 R 17. Kwanza upana kwa milimita, kisha kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, mwisho ringi kwa inchi. Hata kijana anayejifunza kuziba pancha anazijua kwa kichwa. Ndiyo maana tairi moja lililoegemezwa ukutani katika gereji ya Gerezani, lenye maandishi 200/60 VR 390, lilinisahaulisha kilichonipeleka pale.

Hakuna gari dogo lenye ringi ya inchi 390. Namba ile ni milimita. Tairi lenyewe ni Michelin TRX, na lilikuwa limevuliwa kwenye BMW ya mfululizo wa 5 ya miaka ya 1980 ambayo mteja mmoja amerithi kwa marehemu baba yake. Mengine matatu yalikuwa bado kwenye gari, yana vumbi la miaka, lakini kashata zake zimejaa utadhani yametoka dukani wiki iliyopita. Namba ile haikunitoka kichwani, nikarudi kwa ajili yake tu.

Mwenye gereji ni mzee aliyeanza kufungua na kufunga matairi akiwa kijana, enzi ambazo magari ya balozi na mashirika ya kigeni ndiyo yaliyoleta vitu vigeni mjini. Aliomba jina lake lisitoke gazetini.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Umekuja kuliangalia tena lile tairi? Njoo basi, lakini usianze na tairi. Anza na ringi.”

Alilaza ringi mbili sakafuni, moja ya kawaida ya inchi 15 na moja ya TRX, akanishika mkono na kukipitisha kidole changu kwenye ukingo wa ile ya kwanza. “Unasikia? Umesimama kama ukuta. Sasa hamia hapa.” Kwenye ringi ya pili kidole kiliteleza bila kukwama. Ukingo wake ni mfupi, na badala ya kusimama umelala kuelekea nje.

“Basi,” alisema. “Hiyo ndiyo siri yote. Mengine ni matokeo.”

Akaniongoza kwenye matokeo hayo polepole, kwa kipande cha tairi kuukuu alichokuwa amekikata kwa msumeno ili vijana wake waone ndani. Katika tairi la kawaida, nyuzi zinazobeba mzigo hushuka kutoka chini ya kashata zikijipinda kufuata ubavu. Zikikaribia ringi hulazimika kujipinda kuelekea upande mwingine ili ziukwepe ule ukingo uliosimama. Kwa hiyo kuna mapindo mawili yanayopingana, na palipo na upinzani ndipo tairi linapochoka na kupata joto. Michelin waliulaza ukingo, nyuzi zikashuka kwa pindo moja tu kutoka juu hadi chini, na mkazo ukagawanyika sawasawa ubavu mzima. Herufi TR zinasimama badala ya maneno ya Kifaransa yanayotaja mgawanyo huo wa mkazo. X ni urithi wa Michelin X, tairi la radiali ambalo kampuni hiyo ya Clermont-Ferrand ililipatia hataza mwaka 1946.

Faida yake ilikuwa kubwa. Tairi pana lenye ubavu mfupi hushika barabara vizuri kwenye kona, lakini ubavu mfupi ukigonga shimo, mgongo wa dereva ndio unaolipa. TRX, iliyoingia sokoni mwaka 1975, iliahidi yote mawili kwa pamoja, kona iliyoshikwa sawasawa na safari isiyochosha.

Mzee aliwahi kuionja ahadi hiyo. Zamani sana alikabidhiwa gari lenye TRX mpya alijaribu baada ya kurekebisha breki. “Nilikwenda nalo hadi Bagamoyo nikarudi,” alisema, na uso wake ulikuwa umebadilika. “Barabara ya wakati ule siyo hii ya leo. Nilitegemea kupigwa. Sikupigwa. Halafu kwenye kona usukani ulikuwa unaniambia: hapa kuna mchanga, hapa lami ni kavu, hapa punguza. Unasikia mikononi. Magari ya leo yana nguvu kuliko lile, lakini mikono haiambiwi kitu.”

Wapenzi wa magari ya zamani wanaizungumzia hivyo miaka ya 1970 na 1980 yote. Ulikuwa wakati ambapo tairi lilikuwa na jina, na jina hilo lilitajwa pamoja na la gari. Pirelli walitoa P7, lililotengenezwa kwa ajili ya Lancia Stratos ya mbio za rali kisha likavikwa Porsche 911 Turbo. Lamborghini Countach LP400 S ya mwaka 1978 ilivaa P7 nyuma zenye upana wa milimita 345 juu ya ringi ya inchi 15. Goodyear waliipa Corvette ya mwaka 1984 tairi la Eagle lenye kashata za mshale, zilizotokana na matairi ya mvua ya Formula 1. Herufi VR kwenye ubavu, ambazo leo kijana hazimshtui, zilimaanisha tairi linaloruhusiwa kuvuka kilomita 210 kwa saa.

Katika kundi hilo TRX ndilo lililokuwa na madai makubwa kuliko yote, kwa sababu halikutaka gari tu, lilitaka na ringi yake. Citroën CX ililipokea, vivyo hivyo Peugeot 505, BMW na Ford Mustang ya mwaka 1979. Renault 5 Turbo ilivaa milimita 340 mbele na 365 nyuma. Ferrari Testarossa za kwanza zilitoka kiwandani na ringi za milimita 415.

Lakini kwa nini milimita, wakati dunia nzima inapima ringi kwa inchi? Mzee alichukua tepu akaivuta juu ya ringi. Inchi 15 ni milimita 381. Inchi 16 ni 406. Namba 390 iko katikati, na iko pale kwa makusudi.

“Walitaka fundi mjinga ashindwe,” alisema. “Umbo la ukingo ni tofauti, kwa hiyo tairi la kawaida haliwezi kukaa hapa salama. Wangeiita 15, mtu angechukua mtaimbo akalilazimisha. Sasa tairi la 15 haliingii. Hatari imebaki upande wa pili. Hili la 390 linapita kwenye ringi ya 15 kwa urahisi, kijana anafurahi, anaanza kujaza upepo. Halikai. Anaongeza upepo. Mwanangu, upepo ukiwa mwingi kwenye tairi ambalo halijakaa, likiruka huna pa kukimbilia.” Aliwaita vijana wake wawili, akawaonyesha namba ile tena mbele yangu. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kufunga TRX.

Kilichoua tairi zuri namna ile si ubovu. Aliyenunua gari lenye ringi za milimita alikuwa amejifunga kwenye aina moja ya tairi kwa maisha yote ya gari. Likipasuka mbali na mji mkubwa, hakuna duka la jirani la kumwokoa. Wakati huohuo wapinzani waliboresha matairi ya kawaida, na katikati ya miaka ya 1980 tairi fupi la ringi ya inchi 16 lilikuwa limefikia uwezo uleule bila kumdai mtu chochote cha ziada. Ferrari wenyewe waliihamisha Testarossa kwenye inchi 16. Michelin walirudia jaribio katika miaka ya 1990 kwa mfumo wa PAX, ambao nao ulihitaji ringi yake maalumu. Ulifika hadi kwenye Bugatti Veyron, kisha kampuni ikauacha.

“Kitu kinachotaka kila mtu abadilike kwa ajili yake, kiwe kizuri namna gani, hakidumu,” mzee alisema. “Sisi hapa tulikuwa na tairi la Arusha. Halikuwa na maajabu, lakini ulikuwa unalipata Tabora, unalipata Mtwara.” Alikuwa anazungumzia General Tyre, kiwanda kilichosimamisha uzalishaji mwishoni mwa miaka ya 2000, na kwa mara ya kwanza mchana ule nilimwona akiwa na uchungu.

Kisha tukafika kwenye jambo lililomsumbua yeye, na ambalo sasa linanisumbua mimi. Alilaza TRX chini, akafuta ubavu kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, akatafuta herufi DOT. Mwisho wa mstari ule palikuwa na tarakimu tatu: 248. Mbili za kwanza ni wiki ya mwaka, ya 24. Ya mwisho ni mwaka unaoishia na 8. Kabla ya mwaka 2000 ndivyo viwanda vilivyoandika, kana kwamba hakuna aliyewaza kwamba tairi lingeweza kukaa hadi muongo mwingine.

Mwaka upi, basi? Si 1978, kwa sababu BMW ya umbo hili ilianza kutengenezwa mwaka 1981. Matairi kadhaa ya miaka ya 1990 yaliongezewa alama ndogo ya pembetatu, na hapa haipo. Mzee ameamua ni 1988. Inaelekea yuko sahihi, ingawa pembetatu haikuwekwa kwenye kila tairi. Kama ni kweli, mpira ule una umri mkubwa kuliko vijana wote wa gereji ile.

“Sasa tazama kashata,” alisema. Zilikuwa nzima. Alikandamiza ukucha wa dole gumba kwenye mpira. Haukuzama hata kidogo. Kisha akalikunja tairi kwa magoti na mikono, na chini ya mifereji ya kashata pakafunguka nyufa nyembamba, moja baada ya nyingine, ambazo dakika moja kabla hazikuonekana. Alipoachia, nyufa zikajifunga, na tairi likarudi kuwa jipya machoni.

Mpira huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa. Hewa na joto huukausha na kuufanya mgumu, na jua letu halisaidii. Michelin wenyewe wanashauri tairi lililotumika miaka mitano lianze kukaguliwa na fundi kila mwaka, na likitimiza miaka kumi tangu litengenezwe libadilishwe, kashata ziwe zimebaki kiasi gani.

Mwenye gari hataki kusikia hayo. Anakumbuka akiwa mtoto kiti cha nyuma, baba yake akiyasifia matairi yale kwa wageni. Anataka gari liende kama lilivyokuwa likienda. Siwezi kumlaumu. Nimemwona mzee akisimulia ile safari ya Bagamoyo na naamini alichokisikia mikononi kilikuwa cha kweli.

Zipo njia mbili. Ya kwanza ni kutafuta ringi za inchi 15 zinazoingia kwenye BMW hiyo na kuvika tairi lolote zuri la dukani. Ya pili ni kuagiza TRX mpya. Michelin bado wanatengeneza baadhi ya saizi zake kwa ajili ya magari ya zamani, na wapo wauzaji waliobobea katika matairi ya namna hiyo, kama Coker Tire ya Chattanooga, Marekani. Pirelli nao wanafanya hivyo kwa P7 na ndugu zake katika safu waliyoiita Collezione. Umbo ni lilelile na kashata ni zilezile, ila mpira ni wa leo. Bei yake, ukijumlisha usafiri na ushuru, si ya kila mtu.

Nilimuuliza mzee kama tairi jipya lenye umbo la zamani ndilo tairi lilelile. Alinyamaza kidogo. “Sijalifunga hata moja. Siwezi kukudanganya.” Nikamuuliza nani atayafunga matairi haya hapa mjini yeye akipumzika. Aliwatazama vijana wake, hakujibu.

Maswali hayo mawili bado yako wazi. La tatu lina jibu, na mimi niko upande wa mzee: ringi zile zitunzwe, gari litunzwe, na yale matairi manne yasiingie tena barabarani hata kwa safari ya kwenda sheli. Anayempenda marehemu baba yake anaweza kuliheshimu gari lake bila kuibeba familia yake juu ya mpira wa mwaka 1988.

Na jambo hili halimhusu mwenye BMW peke yake. Wengi wetu tunanunua matairi ya mtumba, na tunayachagua kwa kutazama kashata, kitu kilekile kinachodanganya. Kabla hujatoa fedha, geuza ubavu wa tairi, tafuta DOT na usome tarakimu nne za mwisho: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kama limepita miaka kumi, lirudishe hata kama linang’aa. Na ukikuta tarakimu tatu, usiulize bei.