MARADHI YA NGOZI YA WANYAMA WA NYUMBANI, NA JINSI YA KUYATAMBUA

Mtu akienda mnadani kununua mbuzi, desturi yake ni kumfungua kinywa atazame meno, kisha humpapasa mgongo na kiuno apate kujua kama ana nyama. Ni wachache wanaoyapenua manyoya wakatazama ngozi. Nao wauzaji wajua hivyo; ndiyo sababu mnyama mwenye upele huletwa mnadani amekwisha kupakwa mafuta, na jioni yake yumo zizini pamoja na wale kumi waliokuwa wazima. Baada ya majuma machache wote wajikuna.

Ndugu wasomaji, na ninyi walimu hasa, ambao watu huwaletea mashauri ya kila namna, ngozi ya mnyama yasomeka. Ila yapasa kuisoma kwa utaratibu, kwa maana maradhi yaliyo mbalimbali kabisa yaweza kufanana machoni pa mtu atazamaye upesi. Kigaga kimoja chaletwa na utitiri, kingine na kuvu, kingine na bakteria, kingine na jua tu; na dawa ya kimoja haikifai kingine. Watu wengi humaliza fedha za karo ya watoto kwa kununua chupa tatu za dawa, ambapo mnyama alihitaji chupa moja, au hakuhitaji hata moja.

Kabla ya kumshika mnyama, uliza kwanza. Wameugua wangapi, na wazima ni wangapi? Ni ndama tu, au hata wakubwa? Je, ameingia mgeni zizini katika miezi miwili iliyopita, au limeazimwa beberu la jirani? Ugonjwa ulianza wakati wa masika au wa kiangazi? Mnyama ajikuna, au ametulia? Tena, je, yumo mtu nyumbani awashwaye? Swali hili la mwisho watu hulionea haya, lakini laweza kumaliza shauri lote, kwa maana choa na upele wa wanyama humpata mwanadamu pia, hasa watoto wachungao na mama akamaye.

Baada ya maswali, msimamishe mnyama penye mwanga, umtazame mwili mzima toka puani hata mkiani, usikimbilie kile kidonda alichokuonyesha mwenyewe. Kisha papasa kwa vidole, na mwisho pima joto lake kwa kipimajoto kitiwacho katika tundu ya haja kubwa. Ng'ombe mkubwa aliye mzima huwa kati ya 38 na 39 na nusu. Ugonjwa wa ngozi usio na homa haukuharakishi sana. Wenye homa wakutaka uende kwa Bwana Mifugo siku ile ile.

Twaanza na kuwashwa, maana ndiko kuyagawako maradhi haya mafungu mawili. Upele waletwa na utitiri, mdudu mdogo asiyeonekana vema kwa macho matupu. Jike lake huchimba njia ndani ya ngozi na kutaga mayai humo. Kwa mbuzi huanza mara nyingi puani, machoni na masikioni, kisha huenea shingoni, kifuani na miguuni. Mnyama hujisugua kwenye nguzo za banda mpaka nguzo zikang'aa. Huacha kula ili ajikune. Manyoya hutoka, ngozi hukauka, ikawa nene, ikakunjamana kama ngozi ya tembo. Mbuzi jike aliyefika hapo hukonda, maziwa yake hupungua, na watoto wake hudhoofika. Dawa ipo, nayo ni ile sindano iitwayo ivamektini. Lakini kwa kuwa haiui mayai, hurudiwa baada ya majuma mawili hivi, na wanyama wote wa zizi hutibiwa siku moja, hata wasioonyesha dalili. Ukimtibu mmoja aliye mbaya ukawaacha wengine, umefanya kazi bure. Maziwa na nyama ya mnyama aliyechomwa sindano hiyo visiliwe mpaka zipite siku zilizoandikwa juu ya chupa.

Kondoo wana utitiri wa aina nyingine pia, ukaao juu ya ngozi wala usichimbe. Sufu yao hung'oka mafungu mafungu, na kondoo hujiuma ubavuni. Chawa nao huwasha, ila hao waonekana kwa macho ukipenua manyoya ya shingo na mgongo penye mwanga wa jua. Wakizidi kwa ndama, tafuta pia sababu ya udhaifu wake, kwa kuwa chawa hupenda kuzaana juu ya mnyama aliyekwisha kudhoofika kwa njaa au kwa minyoo.

Sasa linganisha na choa. Hiki chaletwa na kuvu, nacho huonekana zaidi kwa ndama, kuzunguka macho, masikioni na shingoni: duara lenye ukoko wa kijivu, kana kwamba mtu amebandika majivu, na manyoya yamekatika. Ndama hajikuni sana. Anakula, anacheza, hana homa. Mara nyingi choa hupona chenyewe baada ya miezi miwili hadi minne. Hatari yake ni kwamba mbegu za kuvu hukaa muda mrefu juu ya nguzo, kamba na brashi, na mtoto amkumbatiaye ndama hurudi nyumbani na duara lile lile mkononi au kichwani. Mwalimu aonaye choa kwa watoto watatu wa nyumba moja na aulize habari za ndama wao.

Uko ugonjwa mwingine wa vigaga ambao ni wa mvua. Mwaka 1915 daktari wa mifugo Mbelgiji, René Van Saceghem, aliyefanya kazi Kongo, aliueleza kwa ng'ombe wa huko, na bakteria auletaye akaitwa kwa jina la nchi ile, Dermatophilus congolensis. Vigaga vyake hutokea mgongoni, hapo mvua inapopiga, na pia mahali kupe walipouma. Ukikivuta kigaga, hutoka pamoja na shungi la manyoya lililosimama kama brashi ya mpaka rangi, na chini yake ngozi ni nyekundu yenye majimaji. Hiyo brashi ndiyo alama yake. Choa hakina, wala upele hauna. Pale penye wingi wa yule kupe mwenye madoa ya rangi mgongoni, ugonjwa huu huwa mkali sana, hata kuua. Basi kuogesha kwa dawa ya kupe ni nusu ya tiba, na nusu ya pili ni sindano ya kuua bakteria atakayoichagua mganga wa wanyama.

Kuna jambo moja lipendezalo kwa jinsi linavyotambulika kwa urahisi. Ng'ombe wa rangi mbili, mweusi na mweupe, ngozi yake ikivimba na kubambuka penye manyoya meupe tu, na mpaka wa ugonjwa ukifuata mpaka wa rangi kama kwamba umepimwa kwa rula, si upele wala si choa. Ni jua. Mnyama huyo amekula jani lililomharibu ini, na sumu iliyobaki katika damu huifanya ngozi isiyo na rangi iungue kwa mwanga. Mmea mmojawapo ni lantana, kile kichaka chenye maua madogo ya rangi mbalimbali, ambacho wengi wamekipanda kuwa ua wa nyumba. Mwondoe katika malisho hayo, mweke kivulini, na mwite mganga kwa ajili ya lile ini.

Lakini ugonjwa tuutakao mwujue kuliko mingine ni ule wa mapele ngozi wa ng'ombe, kwa kuwa kuukosea jina kwaweza kuwagharimu wafugaji wa tarafa nzima. Ulionekana kwanza mwaka 1929 katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Wakati ule watu walidhani ni sumu ya majani au kuumwa na wadudu, hivyo ng'ombe hawakuzuiliwa kutembea. Kati ya 1943 na 1945 ulishuka kusini, na huko Afrika Kusini, kabla haujatulizwa mwaka 1949, hesabu ya ng'ombe waliougua yatajwa kuwa kama milioni 8. Ndipo ilipojulikana wazi kwamba waambukiza. Kenya ulionekana 1957; na tangu 2019 umeenea hata katika nchi nyingi za Asia.

Dalili zake ni hizi. Kwanza homa ipitayo 40, machozi na makamasi, na maziwa kupungua ghafula. Baada ya siku chache hutokea vinundu vigumu vya mviringo, vyenye upana wa sentimeta 2 hadi 5, shingoni, kichwani, miguuni, kiweleni, hata mwili mzima. Kibane kimoja kwa vidole: utaona kimeshika unene wote wa ngozi, wala hakiko juu juu kama choa. Tezi zilizo mbele ya bega na mbele ya paja huvimba. Baadaye katikati ya kinundu hufa, ikawa kama kizibo, nacho kikitoka huacha shimo. Ngozi ya namna hiyo haina bei kwa mtengenezaji wa viatu. Ng'ombe wenye mimba huweza kuharibu mimba. Wafao kwa kawaida si wengi, mara nyingi chini ya kumi katika mia. Hasara kubwa ni maziwa, ngozi na miezi ya kukonda, na ng'ombe wa maziwa wenye damu ya Ulaya huumia kuliko wa kienyeji. Mwanadamu haupati.

Usiuchanganye na mabaka ya mzio, ambayo huvimba mwili mzima kwa saa chache baada ya kuumwa na wadudu au kula kitu kisichomfaa, na kesho yake yamekwisha. Kinundu kilichopo siku ya tatu pamoja na homa si mzio. Virusi vyake huchukuliwa na mbu, nzi waumao na kupe, basi kumfunga mgonjwa peke yake hakutoshi. Dawa ya kuua virusi hivyo haipo. Iko chanjo, nayo huwafaa wale wasiougua bado. Mwenye ng'ombe kama huyo asimpeleke mnadani kumuuza upesi kabla majirani hawajajua. Kufanya hivyo ndiko kuupandisha ugonjwa lori.

Kondoo na mbuzi wana ndui yao, yenye homa na vipele sehemu zisizo na manyoya, nayo hutolewa habari vivyo hivyo. Vidonda vya midomoni vya watoto wa mbuzi ni kitu kingine. Huwazuia kunyonya, na amshikaye kinywa bila kuvaa mifuko ya mkono aweza kupata kidonda kidoleni. Kuku mwenye vidonda kama sugu juu ya upanga wake ana ndui ya kuku. Mwenye magamba ya miguu yaliyoinuka ana utitiri wa miguuni. Mbwa ajikunaye kiunoni, chana manyoya juu ya karatasi nyeupe iliyoloweshwa: chembe nyeusi zikitoa rangi nyekundu, hiyo ni damu ndani ya mavi ya viroboto. Na tafadhali, dawa ya kuogeshea ng'ombe asimwagiwe paka. Baadhi yake humuua.

Oli chafu ya motokari, ambayo bado yapakwa vijijini, huunguza ngozi na kumtia mnyama sumu. Heri kutopaka kitu mpaka ngozi ichunguzwe.

Kupata kitu cha kuchunguza si kazi ngumu. Kwa upele, tia tone la mafuta ya kupikia ukingoni mwa kidonda, wala si katikati palipokauka. Kwangua kwa wembe butu mpaka damu ianze kujitokeza, ukakitie chupani ulichokwangua. Kwa choa, ng'oa manyoya ya ukingoni uyatie katika bahasha ya karatasi, si ya plastiki, kwa kuwa unyevu huotesha kuvu nyingine. Kinundu cha homa usikikate mwenyewe. Mwite Bwana Mifugo. Vilivyobaki hupelekwa kwake vikatazamwe kwa hadubini. Andika juu yake aina ya mnyama, umri wake, mahali ulipokwangua, tarehe, idadi ya wagonjwa na ya wazima, na kila dawa iliyokwisha kutiwa. Maana ngozi iliyopakwa dawa jana yaweza isionyeshe kitu, na utitiri ungali chini yake.