Kekee Iko Wapi? Hesabu ya Kisima cha Mshazari

Mvuvi wa Matema anayerejea usiku, ufuko ukiwa umefunikwa na ukungu, hana alama ya kutazama. Hata hivyo aweza kukadiria mahali alipo, iwapo anakumbuka mambo mawili: amekwenda umbali gani, na mtumbwi wake ulielekea wapi. Hujumlisha kipande kwa kipande tangu alipoondoka. Mhandisi anayechoronga kisima cha mshazari yumo katika hali iyo hiyo, ila ukungu wake ni mwamba, na safari yake huelekea chini.

Msomaji atauliza: kwa nini kisima kiende upande? Na tuitazame nchi iliyoko kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Milima ya Livingstone huinuka ghafla kando ya maji, kwa kuwa hapo ardhi imekatwa na ufa mkubwa. Kaskazini mwa uwanda wa Kyela uko ufa mwingine, wa Mbaka, ambao kandokando yake hububujika chemchemi za moto kama zile za Kilambo. Maji hayo hupanda kwa kupitia nyufa za mwamba. Kampuni ya Uendelezaji Jotoardhi Tanzania, iliyoundwa mwaka 2013, ilichoronga visima vifupi vya uchunguzi katika eneo hilo la Kiejo-Mbaka mwaka 2021. Lakini mvuke wa kuzalisha umeme kwa kawaida hutafutwa kwa visima virefu zaidi, navyo hapana budi vikutane na nyufa. Ufa uliosimama karibu wima ni shabaha nyembamba kwa kisima cha wima. Kisima cha mshazari huukata. Huko Olkaria, Kenya, visima vya namna hiyo vimekwisha kuchorongwa kwa wingi.

Nyuma ya kekee hukaa kifaa cha kupimia, ndani ya bomba lisiloshika sumaku. Hakuna awezaye kukiona. Mahali kilipo hujulikana kwa namba tatu. Ya kwanza ni urefu wa mabomba yaliyoshushwa. Ya pili ni mwinamo, yaani pembe iliyopo kati ya kisima na wima. Hupatikana kwa kupima mvutano wa dunia. Ya tatu ni mwelekeo kutoka kaskazini, upimwao kwa usumaku wa dunia. Vipimo hivyo vyaweza kupelekwa juu kwa mapigo ya shinikizo katika tope linalozungushwa kisimani.

Mwanafunzi na achukue kalamu. Tuseme kisima kinashuka wima mita 400. Kisha kinapinda sawasawa kwa mita 200, mpaka mwinamo uwe nyuzi 20. Katika mita hizo 200 kimekwenda upande kiasi gani? Tukitumia pembe ya mwisho, 200 × saini 20 ni mita 68.4. Tukitumia pembe ya mwanzo, jibu ni sifuri. Majibu yote mawili ni potofu, kwa sababu kisima hakikuwa na pembe moja. Tukichukua wastani, nyuzi 10, tunapata mita 34.7 upande na mita 197.0 chini. Hesabu kamili ya tao la duara hutoa mita 34.6 na 196.0. Wastani, basi, si mbaya. Na vipande vikiwa vifupi zaidi, tofauti hupungua.

Sasa kisima kiendelee kwa mstari mnyofu mita 1,200 zaidi. Kitashuka 1,200 × kosaini 20, yaani mita 1,127.6, kitakwenda upande 1,200 × saini 20, yaani mita 410.4. Jumla, mabomba ni mita 1,800, lakini kina ni mita 1,723.6 tu, na kifaa kiko mita 445 kutoka chini ya mdomo wa kisima. Urefu wa kisima si kina chake.

Je, dira ikikosea nyuzi 2? Kifaa kitakuwa mita 15.5 kando ya mahali tunapodhani. Ikiwa shabaha ilikuwa makutano ya nyufa mbili, yamkini tumeyapita, na fedha nyingi zimefukiwa katika mwamba mkavu. Katika nchi ya Rungwe hatari hiyo si ya kufikirika tu, kwa sababu miamba ya volkeno ina madini yenye sumaku yawezayo kupotosha dira. Kadhalika, kaskazini ya sumaku si kaskazini ya kweli, nayo tofauti hiyo lazima isahihishwe. Panapokuwa na mashaka, hutumika jairoskopu, ambayo haitegemei sumaku.

Zaidi ya hayo, kila kituo hujengwa juu ya kile kilichotangulia. Kosa la kipande cha kwanza husafiri na kisima hadi mwisho, hata kama vipande vingine vyote vimepimwa vema. Kwa hiyo hupimwa mara kwa mara, wala haingojwi mpaka kekee ifike.

Mwalimu aweza kumalizia somo kwa zoezi hili: ikiwa kisima chetu kilielekea nyuzi 60 kutoka kaskazini kwenda mashariki, kifaa kiko mita ngapi kaskazini, na ngapi mashariki? Atakayepata 222.5 na 385.4 amekwisha kukiona kifaa kisichoonekana.