Jua la Bariadi na Kidonge cha Vitamini D

Mkulima wa pamba ainamaye shambani karibu na Bariadi, yapata nyuzi tatu kusini ya Ikweta, hupata vitamini D bila ya kuinunua. Miale ya jua isiyoonekana kwa macho, iitwayo urujuanimno, huipiga ngozi na kubadili mafuta fulani ya jamii ya kolesteroli. Kisha ini na figo huikamilisha kazi. Weusi wa ngozi huipunguza kasi, lakini hauizuii.

Mwaka 2012 yalitangazwa matokeo ya vipimo vya damu za Wamasai 35 na Wahadzabe 25 wa Tanzania. Wastani ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, hali kule Ulaya 50 huhesabiwa kuwa zatosha. Wahadzabe hao ni watu wa bonde la Ziwa Eyasi, na baadhi ya jamii yao huishi wilayani Meatu, mkoani Simiyu.

Je, vidonge vya vitamini hiyo vingeweza kuzuia Uviko-19, uliothibitishwa nchini Machi 2020? Dhana hiyo haikuwa ya kipuuzi. Chembechembe nyeupe za damu huitumia vitamini D katika kupambana na vijidudu, na wagonjwa wengi mahututi walionekana kuwa na upungufu. Lakini mzee au mgonjwa akaaye ndani hulikosa jua pia. Upungufu waweza kuwa alama ya udhaifu, si chanzo chake. Hapana budi kujaribu. Uingereza na Norway zilijaribu, na matokeo ya mwaka 2022 hayakuonyesha kinga yoyote.

La karibu zaidi lilifanyika Dar es Salaam, kwa watu wazima 4,000 waishio na VVU, wote wenye upungufu wa vitamini hiyo (jua la pwani, basi, si dhamana kwa kila mtu). Matokeo yalitoka mwaka 2020: vidonge havikupunguza vifo wala kifua kikuu.

Vidonge vina kazi yake, hasa katika kutibu matege, kwa kipimo cha daktari. Vikizidi mno, chokaa hujaa katika damu na kudhuru figo. Ngozi haina hatari hiyo: vitamini ikizidi, jua lile lile huivunja. Kidonge kikishamezwa hakina kizuizi cha namna hiyo.