Je, Wajua? Mukama wa Karagwe na soksi zake za shanga

Msafiri wa zamani aliyetoka pwani kwenda Karagwe alipita Usui, nchi ya Suwarora, pande za Biharamulo ya leo, na hapo alikamuliwa hongo, yaani ushuru wa kupita, kisawasawa. Waingereza John Hanning Speke na James Augustus Grant nao walikamuliwa. Novemba 1861 wakafika Karagwe, kaskazini mwa Ngara, kwa Mukama (yaani mfalme) Rumanika.

Je, wajua Mukama aliwasalimu kwa lugha gani? Kwa Kiswahili, tena kizuri! Speke mwenyewe ameandika hivyo. Walimkuta amekaa chini, miguu ameikunja, kavaa joho jeusi la Kiarabu, bangili za shaba na, miguuni, soksi za shanga za rangi.

Grant akaugua mguu. Speke alipotangulia Buganda, yeye alibaki Karagwe hadi Aprili 1862. Bahati yetu hiyo, maana mchoraji hasa alikuwa yeye: picha nyingi za kitabu cha Speke cha 1863 zilitokana na michoro yake. Ila uziangalie kwa tahadhari. Zipo zilizochorwa upya na Johann Baptist Zwecker, Mjerumani aliyeishi London, kabla ya kuchapwa.

Na ziwa dogo karibu na ikulu? Speke na Grant walilibatiza Windermere, kwa kufanana na ziwa la kwao, kana kwamba wenyeji hawakuwa na jina lake.

Michoro ya Grant mwenyewe imehifadhiwa Edinburgh, katika Maktaba ya Taifa ya Uskoti.