FEDHA ZA HISA SI FAIDA



Vikundi vingi vya Temeke na Kinondoni huuza hisa kwa wanachama wao. Hisa zikinunuliwa, sanduku hujaa. Watu hufurahi. Wengine husema, "Mwaka huu tumepata faida, tugawane!" Je, ni kweli? Hebu tuangalie.

Hisa ni nini?

Hisa ni sehemu ya mtaji. Anayenunua hisa anakuwa mmoja wa wenye mali. Fedha zake si mauzo, wala si mkopo. Ni mtaji.

Mafungu matatu

Mwisho wa mwaka mweka hazina huandika taarifa ya mtiririko wa fedha. Taarifa hii inaonyesha fedha zilikotoka na zilikokwenda. Ina mafungu matatu:

1. Fedha za kazi: mauzo, mishahara, umeme.
2. Fedha za kununua au kuuza mali ya kudumu, kama vile mashine.
3. Fedha za mtaji na mikopo. Fedha za hisa huandikwa hapa.

Mfano

Tuseme kikundi cha Mbagala kina mashine ya kusaga. Mwaka ulianza na Sh. 200,000 mkononi. Wateja walilipa Sh. 3,000,000. Gharama za kazi zilikuwa Sh. 3,400,000. Kikundi kikanunua mota kwa Sh. 700,000. Kikauza hisa 30, kila moja Sh. 50,000. Gharama za kuuza hisa hizo zilikuwa Sh. 50,000.

Fedha za mwanzo: 200,000
Fungu la 1, zimepungua: 400,000
Fungu la 2, zimepungua: 700,000
Fungu la 3, zimeongezeka: 1,450,000
Fedha za mwisho: 550,000

Umeona? Gharama za kuuza hisa zimetolewa katika fungu la 3 hilo hilo.

Sasa fikiri. Sanduku limeongezeka Sh. 350,000, lakini kazi yenyewe imekula Sh. 400,000. Mweka hazina akitia fedha za hisa katika fungu la 1, kazi itaonekana imeleta Sh. 1,050,000. Wanachama watadai wagawane. Watakuwa wanakula mbegu! Mwakani mota ikiungua, hakuna cha kununulia nyingine.

Mambo ya kuangalia

Mwanachama ameahidi kununua hisa lakini hajalipa? Usiandike katika taarifa hii. Ahadi si fedha.

Mwanachama ameleta mzani akapewa hisa mbili? Hapo pia hakuna fedha iliyopita. Andika katika daftari la mali na daftari la hisa. Usiandike katika taarifa hii.

Mwanachama amemuuzia mwenzake hisa yake? Fedha zimekwenda kwa muuzaji. Kikundi hakikupata kitu. Badilisha jina tu katika daftari la hisa.

Hata benki hufuata kanuni hii. Benki ya DCB ilianza kazi mwaka 2002, ikiitwa Benki ya Wananchi ya Dar es Salaam. Miongoni mwa wenye hisa wa kwanza walikuwa Halmashauri ya Jiji na manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke. Mwaka 2008 iliuza hisa kwa wananchi, ikaingia katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Fedha walizolipa wananchi kwa hisa mpya ziliingia benki kama mtaji. Lakini tangu hapo, mtu wa Kinondoni akimuuzia mtu wa Temeke hisa zake sokoni, benki haipokei bei ya hisa hizo. Anayelipwa ni muuzaji.

Basi, katika mkutano wa mwaka usiulize tu, "Sanduku lina kiasi gani?" Uliza pia, "Fungu la kwanza linasemaje?" Ni haki yako, maana wewe ni mwenye mali.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini ahadi ya hisa haiandikwi katika taarifa hii?
2. Kikundi kimeuza hisa 10 za Sh. 20,000. Waliolipa ni 7, kila mmoja hisa moja. Utaandika kiasi gani, na katika fungu gani?

Jibu la swali la 2: Sh. 140,000, fungu la 3.