Mkonge wa Chunguni Ukitoa Maua

Sansevieria, mmea wa mapambo wenye majani marefu yasimamayo kama panga, huweza kukaa chunguni miaka mingi bila ua lo lote. Kisha ghafula hutoa maua madogo meupe, yanukiayo usiku. Wengine huogopa, kwa kuwa mkonge wa shambani ukisha kutoa mlingoti wake wa maua, hufa. Mmea huu haufi. Chipukizi lililochanua haliongezi majani tena, lakini mengine huota kando yake. Basi mwenye mmea asiung'oe. Mara nyingi sababu ni mwanga wa kutosha na mizizi iliyosongamana. Autie maji udongo ukisha kukauka tu, maana maji yakituama mizizi huoza. Maua yakinyauka, ayakate pamoja na bua lake.