Laini ya Simu kwa Mgeni Mkaazi wa Unguja

Mgeni akihamia Unguja, swali lake la kwanza dukani huwa ni kifurushi gani cha bei nafuu. Kwa maoni yangu hilo ndilo swali la mwisho. Awe mwalimu kutoka Kisumu, mpishi wa hoteli kutoka Bujumbura au mzaliwa wa Ng'ambo anayerejea kutoka Maskati na pasipoti ya Oman, aanze na hili: laini itasajiliwa kwa jina la nani?

Tanzania ilianza kuzifungia laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole baada ya 20 Januari 2020. Mwananchi husajili kwa namba ya NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, mgeni kwa pasipoti yake. Ukishapata kibali cha ukaazi, rudi nacho dukani taarifa zako zihuishwe. NIDA pia hutoa vitambulisho kwa wageni wakaazi. Yote haya yanataka subira, na hapo ndipo mwenyeji mwenye huruma husema, "Chukua yangu, nimeshakusajilia." Usiichukue. Laini hiyo si yako, na akaunti ya pesa iliyo ndani yake si yako. Simu ikipotea sokoni Darajani, mwenye kidole ndiye pekee atakayeweza kurudishiwa namba. Na laini ikitumika kwa utapeli, yeye ndiye atakayeulizwa.

Jina likishakuwa lako, tazama nyumba. Kuta za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kupita kiasi cha nyumba za kisasa, nazo hunyonya mawimbi ya simu. Unaweza kuwa na mawasiliano mazuri barazani na ukayakosa kabisa chumba cha chini, hatua chache tu ndani ya mlango. Kwa hiyo kabla ya kuchagua kati ya Vodacom, Airtel, Yas, Halotel na TTCL, azima simu za majirani, ingia chumba utakachofanyia kazi, funga mlango, piga. Paje, Jambiani na Nungwi jaribu usiku, wageni wa hoteli wote wakiwa kwenye intaneti. Wazee bado watakwambia "chukua Zantel", mtandao uliozaliwa visiwani mwaka 1999. Leo jina hilo halipo tena, kwani mwishoni mwa 2024 Tigo na Zantel ziligeuka kuwa Yas.

La tatu ni pesa. Umeme wa ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, ambao ni wa kulipia kabla na huitwa Tukuza, hununuliwa kwa simu, na kodi ya nyumba mara nyingi hulipwa hivyo hivyo. Ulizia mwenye nyumba wako na muuza duka wa mtaani wanatumia mtandao gani. Kutuma kwenda mtandao mwingine kunawezekana, ila angalia makato. Mkenya naye ajue kwamba M-Pesa ya Safaricom na ya Vodacom Tanzania ni akaunti mbili tofauti. Laini ya nyumbani asiitupe, maana benki yake itaendelea kutuma namba za uthibitisho huko.

Sasa ndiyo kifurushi. Wengi hapa hulipa kabla ya kutumia, bila mkataba, kwa siku, wiki au mwezi. Anza na cha wiki, ujue unakula GB ngapi, ndipo ununue cha mwezi. Hakikisha dakika ni za mitandao yote. Usiache salio kubwa la vocha kwenye laini, kwa sababu kifurushi kikiisha intaneti inaweza kuendelea kulila kwa bei ya juu. Anayefanya kazi ya mwajiri wa nje kwa kutumia VPN akumbuke kwamba tangu Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, inataka matumizi hayo yaandikishwe.

Ukikosea mtandao, namba haipotei: tangu Machi 2017 mteja anaweza kuhama nayo. Ila toa kwanza pesa zote kwenye akaunti ya simu, kwani zenyewe hazihami na wewe.

Kwenu wenyeji wenzangu: msimpe mgeni laini ya kidole chenu, hata akiwa rafiki. Mpelekeni duka la kampuni yenyewe, asajili kwa pasipoti yake, na kabla hamjaondoka apige *106# aone jina lake mwenyewe.